Kupatwa kwa jua: namna ya kulinda macho yetu na ya watoto wetu

Siku ya Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utapita kati ya jua na dunia. Kivuli chake kitavuka kusini mwa Hispania, kisha Moroko, Aljeria, Tunisia, Libya, Misri, Arabia ya Saudia, Yemen na Somalia. Karibu na mji wa Luxor, huko Misri, jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6, muda ambao ni mrefu sana kwa jambo la namna hii. Redio zitasema, na simu zitajaa picha na maneno.

Hapa kwetu mashariki ya Kongo jua halitafunikwa lote. Wale wa Haut-Uélé na Ituri wataona limemegwa kidogo upande mmoja, katikati ya mchana, na kadiri unavyoshuka kusini kuelekea Kivu, kipande kinachomegwa kinapungua. Tofauti hiyo kati ya Luxor na kwetu ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Maagizo yanayotolewa kwa watu wa Misri hayafai yote kwa watu wa Bunia, na mtu akiyachanganya anaweza kupoteza sehemu ya macho yake bila kusikia maumivu hata kidogo.

Wataalamu huwaambia watu walio ndani ya kivuli kizima kwamba, wakati jua limefunikwa kabisa, kwa dakika hizo chache, wanaweza kutoa miwani ya kinga na kutazama kwa macho matupu. Ni kweli. Wakati huo jua lenyewe limefichwa, na unaona taji jeupe tu kuzunguka mwezi mweusi. Mara ukingo wa jua unapochungulia tena, hata kwa ukubwa wa uzi, ruhusa hiyo imekwisha. Lakini neno hili "unaweza kutoa miwani" litafika kwetu pia, kwa WhatsApp, bila maelezo. Kwetu ruhusa hiyo haipo hata kwa sekunde moja, kwa sababu jua letu litabaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Tumekwisha kuona mambo haya mara kadhaa. Tarehe 3 Novemba 2013, siku ya Mungu, kivuli kizima kilivuka kaskazini mwa nchi yetu saa za jioni na kuingia Uganda karibu na Pakwach. Pale giza lilidumu sekunde 20 hivi tu. Njia ya kivuli hicho haikufika upana wa kilomita 60, kwa hiyo kati ya watu wote wa mashariki waliotoka nje siku ile, karibu wote waliona jua la nusu, si jua lililofunikwa. Tarehe 1 Septemba 2016 ikawa zamu ya kusini-mashariki, hata Tanzania upande wa Mbeya, lakini safari ile mwezi ulikuwa mbali na dunia, haukutosha kulifunika jua, ukaacha duara la moto pembeni. Tena tarehe 21 Juni 2020, siku ya Mungu asubuhi, wakati makanisa yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya Korona, duara kama hilo lilianzia upande wetu wa Afrika na kwenda hadi Asia. Duara la moto ni jua wazi. Hakuna wakati wowote ndani yake ambapo jicho linaweza kutazama bila kinga. Linalofuata kwetu la namna hiyo ni la tarehe 21 Mei 2031, litakalopita Angola, kusini mwa nchi yetu, Zambia na Tanzania.

Jinsi jua linavyoumiza jicho

Watoto wengi wamewahi kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuzia: unakusanya mwanga wa jua mahali padogo, moshi unatoka. Jicho lina kioo chake cha namna hiyo mbele, na nyuma kabisa kuna utando mwembamba ambao waganga wanauita retina. Katikati ya utando huo ni sehemu ndogo sana tunayoitumia kusoma, kutambua sura ya mtu, na kupitisha uzi katika sindano. Ukitazama jua, mwanga wake unakusanyika mahali hapo hapo. Joto linaumiza kidogo, lakini mwanga wenyewe, hasa ule wa rangi ya buluu, unaharibu chembechembe za retina kama sumu inavyofanya, polepole na kimya.

Kimya, kwa sababu retina haina mishipa ya kusikia maumivu. Mkono ukigusa chungu cha moto unaondoka wenyewe. Jicho halina onyo kama hilo. Mtoto anatazama, anafurahi, anaingia ndani kula, na ni baada ya saa kadhaa, au asubuhi yake, anaanza kusema kuna doa katikati ya kila kitu anachotazama.

Mtu anaweza kuuliza: mbona jua liko juu kila siku na hatuwi vipofu? Kwa sababu siku zote linatutia kiwi na tunageuza uso. Siku ya kupatwa kuna kitu cha kutazama, na hamu inashinda kiwi. Tena pale ambapo jua limefunikwa sehemu kubwa, mwanga wa mchana unapungua, mboni inafunguka zaidi kutafuta mwanga, na kipande kilichobaki kinaingia ndani bila kizuizi. Jua zima lina mwanga kama mara 400,000 ya mwezi mpevu. Likibaki sehemu moja kwa mia tu, bado ni kama miezi mipevu 4,000 imekusanyika katika ukingo mwembamba. Nalo jua letu la 2027, ambalo litamegwa kidogo tu, litabaki na nguvu karibu yote.

Watoto wako katika hatari zaidi kuliko wakubwa. Kioo cha jicho lao bado ni safi sana, kinapitisha mwanga mwingi kuliko cha mzee wa miaka 60. Na mtoto akiona wenzake wanatazama, atatazama kwa muda mrefu kuwashinda.

Mambo haya yameandikwa na waganga. Baada ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 11 Agosti 1999 huko Ulaya, hospitali ya mji wa Leicester, Uingereza, ilipokea wagonjwa 45 waliohofiwa kuumia macho kwa kutazama. Leicester haikuwa ndani ya kivuli kizima. Watu wake waliona jua la nusu, kama sisi. Wengi walipata nafuu baada ya miezi, wachache wakabaki na doa. Mwaka 2017 huko New York, ambako pia jua halikufunikwa lote, mwanamke kijana alitazama kwa sekunde chache bila kinga. Waganga walipopima retina yake kwa mashine, walikuta jeraha lenye umbo la mwezi mchanga, yaani umbo lile lile la jua alilolitazama siku hiyo.

Vitu tunavyovitumia na ambavyo havifai

Tunaanza na beseni la maji, kwa sababu katika mitaa yetu ndilo linalopendwa, na wazee wanalisifu. Ni desturi ya zamani sana. Hata Plato, katika kitabu chake Phaedo, anamtaja Socrates akisema juu ya watu wanaoharibu macho kwa kutazama jua lililopatwa wasipoangalia mfano wake ndani ya maji. Lakini hesabu inakataa. Jua likiwa juu, maji yanarudisha kama sehemu 2 kwa mia ya mwanga wake. Inaonekana kidogo. Miwani halali ya kupatwa kwa jua hairuhusiwi kupitisha zaidi ya sehemu 32 katika milioni moja. Sehemu 2 kwa mia ni 20,000 katika milioni. Kwa hiyo beseni linakuletea jichoni mwanga mara 600 na zaidi ya ule unaoruhusiwa. Kutia majivu au rangi ndani ya maji hakubadilishi jambo, maana mwanga unarudi kutoka juu ya maji, si kutoka chini.

Miwani ya jua ya sokoni, hata ile nyeusi ya bei kubwa, inapitisha sehemu kadhaa kwa mia. Kuvaa miwili pamoja ni bure. Filme ya radiografia, ile ya kuonyesha mifupa, inaonekana nyeusi kwa mwanga tunaouona, lakini inaweza kupitisha mionzi ambayo jicho haliioni na ambayo inaumiza vilevile. Kioo kilichofukizwa kwa moshi wa mshumaa, sidii, chupa ya bia, kaseti za zamani: vyote hivyo tuviweke kando. Hatari ya vitu hivi ni kwamba vinaondoa kiwi bila kuondoa hatari, na mtu anatazama kwa raha dakika nzima pale ambapo kwa macho matupu angegeuka baada ya sekunde moja.

Vivyo hivyo wingu jembamba na moshi. Mwezi wa Agosti ni kiangazi sehemu nyingi za kwetu, watu wanachoma mashamba, na jua linaonekana jekundu na pole. Tusilitazame kwa sababu ya upole huo.

Fundi wa kuchomea chuma ana kioo chake, na mara nyingi watu wanamkimbilia. Kioo kinachopendekezwa kwa jua ni cha namba 14. Vile mafundi wetu wanavyotumia kila siku ni namba 10 au 11 mara nyingi, na hivyo havitoshi. Namba imeandikwa kwenye kioo chenyewe. Kama haisomeki, au fundi anasema "hiki ni sawa tu", mrudishie.

Miwani halali ya karatasi, yenye maandishi ISO 12312-2, ni salama ikiwa ni ya kweli, na shida ni hiyo, kwa sababu maandishi yanaigwa kirahisi. Jaribu hivi: vaa miwani hiyo ndani ya nyumba mchana. Hupaswi kuona kitu chochote, si dirisha, si mtu aliye mbele yako. Washa taa ya simu. Uione hafifu sana au usiione kabisa. Kama unaona meza, hiyo si miwani ya jua. Jaribio hili linafichua ile mibovu wazi, lakini halithibitishi kwamba nyingine ni salama, kwa hiyo mahali ilipotoka ni pa maana: afadhali iliyoletwa na hospitali, chuo au shirika linalojulikana, kuliko ya mchuuzi wa barabarani juma lile. Iliyokunjika au kukwaruzwa itupwe. Ivae kichwa kikiwa chini, kisha inua uso; geuza uso kwanza, kisha vua. Usitazame nayo ndani ya darubini au kamera, maana vioo vile vinakusanya mwanga na kuunguza miwani yenyewe kabla hujajua.

Kuhusu simu, kuangalia kioo cha simu hakuumizi. Kinachoumiza ni yale macho yanayopanda juu kutafuta jua ili kulipanga katikati ya picha. Picha zitakuwa nyingi, tena nzuri kuliko zetu.

Namna ya kuona bila kutazama jua

Jambo jema ni kwamba njia iliyo salama kuliko zote haihitaji hata franga moja. Mwanga wa jua ukipita katika tundu dogo, unachora sura ya jua mahali unapoangukia. Jua likiwa zima unaona duara; likiwa limemegwa, duara hilo nalo limemegwa. Wewe umegeuzia jua mgongo, na unachotazama ni karatasi.

Chukua karto ngumu, toboa katikati tundu la milimita 1 au 2 kwa msumari mdogo. Simama jua likiwa nyuma yako, shika karto hiyo juu ya bega, na uache mwanga uangukie karatasi nyeupe iliyo chini. Kwa umbali wa metre moja sura ya jua itakuwa na upana wa milimita 9 hivi. Ukitaka iwe kubwa zaidi, ongeza umbali. Itakuwa hafifu, basi fanya penye kivuli. Ndani ya boksi lililofungwa inaonekana vizuri zaidi. Tundu ni la mwanga kupita, si la kuchungulia jua. Hilo tuliseme mara tatu mbele ya watoto, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho mtoto anafanya akipewa karto yenye tundu ni kuweka jicho lake hapo.

Kanisa lenye mabati ya zamani lina faida yake siku hiyo. Pale misumari ilipolegea, jua linaingia na kutupa duara ndogo sakafuni, na kila moja ni picha ya jua. Tundu la msumari likiwa metre 4 juu ya sakafu linatoa duara la karibu sentimetre 4, ambalo watoto wote wanaweza kulizunguka na kuchora kwa chaki jinsi linavyomegwa robo saa kwa robo saa. Chini ya mwembe au mwavokado ni vivyo hivyo; nafasi kati ya majani zinafanya kazi ya matundu. Hata kikapu kilichosukwa wazi wazi kinatosha.

Kwa kundi kubwa kuna kioo cha kujitazamia. Kifunike kwa karatasi yenye tundu la milimita 5, kiweke nje juani, na kirushe mwanga kupitia dirisha hadi ukuta wa ndani ya chumba chenye giza. Kwa metre 10 utapata jua la sentimetre 9 ukutani, na watu mia moja wanaona pamoja. Mtu mzima mmoja abaki karibu na kioo, ili mtoto asije kukiinamia na kupokea jua usoni.

Sababu ya kanisa kushughulika

Tarehe 2 Agosti watoto watakuwa likizoni. Hakutakuwa na mwalimu wa kuwashika darasani. Watakuwa mitaani, sokoni, mashambani na mbuzi. Siku iliyotangulia, Jumapili tarehe 1 Agosti, ni sikukuu ya wazazi, watu wengi wanakwenda makaburini na makanisani. Hakuna redio ya serikali inayoweza kufikia nyumba nyingi vijijini kama tangazo la siku hiyo baada ya mahubiri. Tunawaomba wachungaji na wazee wa kanisa walitoe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, na viongozi wa Ekodim wawaite watoto Jumatatu mapema, kabla ya katikati ya mchana, na karto zao tayari.

Kuna na tangazo lingine ambalo tunaomba lisitoke: lile la mwisho wa dunia. Kila mara jua linapopatwa hapa kwetu anasimama mtu na kusema siku zimetimia, watu wanajifungia ndani, wanawake wenye mimba wanatishwa. Kupatwa kwa jua kunahesabiwa miaka mingi mbele, kwa dakika na sekunde. Jambo lililokwisha andikwa katika kalenda ya 2031 si ujumbe wa ghafla kwa mtaa fulani. Mwanga wa siku hiyo hauna sumu mpya. Mwenye kulima alime, mwenye mimba atembee, chakula kiliwe. Hatari ni moja, nayo ni kutazama.

Wengine watashika Matayo 27, giza la saa tatu siku ya kusulubiwa. Lakini Pasaka ya Wayahudi ni wakati wa mwezi mpevu, na jua hupatwa wakati mwezi ni mpya tu. Tena giza kamili la kupatwa halifiki hata dakika 8. Giza la Golgotha lilikuwa jambo lingine, na hatulipi heshima kwa kulifananisha na hili. Yeremia sura ya 10 inatosha kwa mwenye kuogopa ishara za mbingu.

Kama mtu ametazama

Asikemewe hata akaficha. Afunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, na kwa kila jicho atazame ukurasa wa daftari lenye miraba. Kama mistari imepinda, kama katikati kuna doa au pengo, kama rangi zimefifia au mwanga unamsumbua, apelekwe penye muganga wa macho. Arudie kujipima asubuhi yake, maana dalili zinaweza kuchelewa saa 12 au zaidi. Wazazi wa watoto wadogo wawapime kwa mchezo: nani anaona miraba mingapi.

Hakuna dawa iliyohakikishwa ya kurudisha retina iliyochomwa na jua. Wengi wanapata nafuu wenyewe kwa majuma au miezi, wengine hawapati. Muganga anaenda kupima ukubwa wa jeraha na kuhakikisha si ugonjwa mwingine. Maziwa ya mama, maji ya majani na matone ya sokoni hayafiki nyuma ya jicho, na yanaweza kuleta uchafu mbele yake. Wakati wa kungoja, mgonjwa akae mbali na mwanga mkali, asiendeshe pikipiki mpaka aone vizuri, na yule anayeongoza Ekodim aandike jina lake ili amtembelee juma lile lile.